Usiandike Hiyo Barua Kwanza

Huku Uingereza kuna uvumi unaotembea kwenye harusi zetu, misiba yetu na foleni za duka la nyama halali: kwamba ukimtoa mtoto shule ukamsomesha nyumbani, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, inakulipa. Wengine wameshataja na kiwango. Dada mmoja wa Mombasa alinivuta pembeni kwenye arusi ya juzi akaninong'oneza, "Mamangu, nasikia wewe walipwa. Ulipitia wapi?"

Sikulipwa. Silipwi. Kuna pesa inapita mikononi mwangu kila muhula kwa ajili ya masomo ya mwanangu wa pili, na kila senti ya pesa hiyo ina mwenyewe anayeifuatilia. Na wakati huohuo napokea Universal Credit, posho ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo nina mabwana wawili wa serikali wasiozungumza wao kwa wao, kila mmoja akitaka kujua ya mwenzake ni ya nini. Nimeulizwa habari hii mara nyingi kiasi kwamba nimeona niiandike yote, nipumzike. Ninayosema ni ya England. Scotland na Wales wana sheria zao za elimu maalum.

Tuanze na kinachowachanganya watu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto wa umri wa shule anapata elimu ya kutosha, inayolingana na umri wake, uwezo wake na mahitaji yake maalum kama anayo, ama kwa kwenda shule au kwa njia nyingine. Hiyo njia nyingine ndiyo inayomruhusu mzazi kusomesha nyumbani. Si watu wachache: vuli ya 2024 kaunsili za England zilihesabu watoto wapatao 111,700. Ikiwa mtoto yuko shule ya kawaida, kwa kawaida huombi ruhusa ya mtu. Unamwandikia mwalimu mkuu barua kwamba kuanzia tarehe fulani unamsomesha mwenyewe, naye anamfuta kwenye rejista. Shule maalum aliyowekwa na kaunsili ni tofauti, huko lazima kaunsili ikubali kwanza.

Barua hiyo ni mistari mitatu tu, na ndiyo barua ghali kuliko zote utakazoandika nchi hii. Ukishaiandika, gharama ni zako. Vitabu vyako, mwalimu wa tuisheni wako, ada ya mitihani yako, hata chakula cha mchana cha bure alichokuwa akipata shuleni kinakatika. Kaunsili inaweza kukuandikia kukuuliza mtoto anasoma nini, lakini hailazimiki kukuchangia chochote.

Sasa kuna njia ya pili, na kwa mtu anayepita barabarani zinafanana kabisa: mtoto yuko nyumbani saa nne asubuhi, mwalimu anagonga mlango, madaftari yako mezani. Kisheria ni mbingu na ardhi. Njia hii inatoka kwenye Sheria ya Watoto na Familia ya 2014, kifungu cha 61, kinachoiruhusu kaunsili kupanga elimu maalum nje ya shule pale inaporidhika kwamba kumpa mtoto huduma hiyo ndani ya shule hakufai. Watu wa fani wanaiita EOTAS. Hapo mzazi hajamtoa mtoto. Kaunsili ndiyo iliyokubali kwamba shule haimfai, na kwa hiyo jukumu la kugharamia linabaki kwao.

Ili ufike huko mtoto lazima awe na mpango wa elimu, afya na matunzo, yaani EHCP. Na hapa ndipo shoga yangu mmoja alipoanguka. Mwanawe alikuwa tayari ana EHCP, ana saa zake za tiba ya usemi zimeandikwa, ana msaidizi darasani. Shule ikawa inampigia kila siku: mkuje mumchukue, amepiga kelele, amejificha chini ya meza. Siku moja akaambiwa kwa upole sana kwamba pengine mtoto angefurahi zaidi nyumbani, na barua yenyewe wangeweza kumsaidia kuiandika. Akatia saini. Alidhani mpango ungemfuata mtoto hadi sebuleni. Kifungu cha 42 cha sheria ileile ya 2014 kinaibana kaunsili itoe kila kilichoandikwa kwenye mpango, lakini kina mwanya mmoja: wajibu huo unasimama ikiwa mzazi mwenyewe amefanya mipango mingine inayofaa. Saini yake ndiyo iliyokuwa hiyo mipango mingine. Mpango upo hadi leo, unapitiwa kila mwaka, na tiba ya usemi analipa mwenyewe akipata.

Nikisikia mzazi anasema shule "imemshauri" amtoe mtoto, damu inanichemka. Shule isiyoweza kumhudumia mtoto inatakiwa iite kikao cha dharura cha kupitia mpango, au iombe tathmini kama mpango haupo. Kumshawishi mama asiye na Kiingereza cha kutosha aandike barua ya hiari ni kumhamishia mzigo yeye, tena kwa maandishi yake mwenyewe. Na kama mtoto hawezi kwenda shule kwa sababu ya ugonjwa, ukiwamo wa akili, kuna kifungu cha 19 cha ile sheria ya 1996: kaunsili ina wajibu wa kumpangia elimu wakati yuko nje. Mtoto akibaki kwenye rejista huku akiwa hawezi kuhudhuria, bado ana haki ya kudai. Akishafutwa kwa barua yako, utaidai kwa nani?

Mwanangu ana usonji na wasiwasi mkubwa unaomfunga mdomo akiwa kwenye kundi. Hiyo hadithi yake nitamwachia aisimulie mwenyewe akitaka. Nitakachosema ni kwamba hatukumtoa. Tuliomba tathmini ya EHCP, nami nikaiomba mwenyewe kwa barua pepe bila kuisubiri shule, kwa sababu mzazi anaruhusiwa. Kaunsili ina wiki 6 kusema kama itafanya tathmini au la, na wiki 20 tangu siku ya ombi kutoa mpango kamili. Hizo ni wiki za kwenye sheria. Za kweli zinarefuka, na mtu anayezijua na kuzikumbusha kwa maandishi hufika mbele ya yule anayesubiri kwa adabu. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusubiri kwa adabu. Huku haisaidii.

Tulikataliwa kwanza. Tukakata rufaa kwenye baraza la rufaa la mahitaji maalum, ambako huna haja ya wakili na hulipi ada ya kufungua shauri. Una miezi 2 tangu tarehe ya barua ya uamuzi, au mwezi 1 tangu upewe cheti cha usuluhishi, ile ya baadaye kati ya hizo mbili. Wanaosaidia bure wapo: kila eneo lina huduma ya ushauri inayoitwa SENDIASS, na kuna shirika la IPSEA ambalo maelezo yake ya sheria ndiyo niliyoyasoma usiku kucha kwa kamusi pembeni. Mume wangu alisema nikimaliza nitakuwa mwanasheria. Nikamwambia nikimaliza nitakuwa nimelala.

Kwenye mpango, sehemu ya kuangalia ni F, panapoandikwa huduma, na I, panapoandikwa jina la shule. Kwa mtoto wa EOTAS sehemu ya I huachwa bila shule, na kila kitu kinahamia F. Ndiyo maana F lazima iwe na tarakimu. "Atapata msaada wa tiba ya usemi inapohitajika" ni sentensi isiyo na thamani ya hata shilingi ya kikoloni. "Saa 1 kila wiki na mtaalamu aliyesajiliwa, wiki 38 kwa mwaka" hiyo inadaiwa. Tulibishana juu ya sentensi kama hizo kuliko tulivyobishana juu ya jambo lingine lolote.

Halafu ndiyo ikaja pesa.

Kaunsili inaweza kulipa walimu na wataalamu moja kwa moja, na kwa mzazi aliyechoka hiyo ndiyo njia ya raha. Au mzazi anaweza kuomba bajeti binafsi, na sehemu yake aletewe mkononi ili alipe mwenyewe. Wana haki ya kukataa kukupa mkononi wakieleza sababu. Mimi niliomba kwa sababu mwalimu wa hisabati ambaye mwanangu alikubali kuongea naye hakuwa kwenye orodha ya kampuni wanazozitumia. Basi wakakubali kwa huduma mbili: mwalimu huyo na tiba kazi, ile ya kumsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku. Ya usemi wanailipa wao.

Kabla ya senti ya kwanza nilisaini mkataba. Akaunti ya benki ya peke yake, isiyoingia mshahara wala kutoka bili ya umeme. Hilo si matakwa ya ofisa, limo kwenye kanuni za 2014 za bajeti binafsi. Pesa itumike kwa kilichoandikwa tu. Mkataba wangu unakataza kumlipa mtu anayeishi nyumbani kwangu, kwa hiyo wazo la mdogo wangu aliyesomea ualimu Morogoro aje tuishi naye nimlipe, lilikufa palepale. Kaunsili ilipitia matumizi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, kisha kila mapitio ya mpango. Kinachobaki bila kutumika wanaweza kukidai kirudi.

Nina faili la plastiki la buluu. Ndani kuna ankara ya mwalimu ya kila mwezi, uthibitisho wa malipo, taarifa ya benki, na karatasi moja niliyoichora mistari kwa mkono: tarehe, nani, saa ngapi, kiasi gani, ni mstari upi wa sehemu F. Mwalimu ni mtu anayejiajiri, analipa kodi yake mwenyewe, nami nilihakikisha hilo kabla. Ukimwajiri mtu kama mfanyakazi wako, umekuwa mwajiri: kuna mambo ya kodi, likizo, bima ya mwajiri. Watu hawaambiwi hili mpaka mambo yameharibika. Uliza mapema, na kama lazima uajiri, idai kaunsili iziweke gharama hizo ndani ya bajeti.

Nilinunua mara moja vitabu vya mazoezi kwa kadi yangu ya nyumbani, nikafikiri nitajirudishia. Niliacha. Mambo ya kujirudishia ndiyo yanayomfanya mkaguzi anyanyue miwani. Vitabu navinunua kwa pesa yangu, basi.

Sasa bwana wa pili. Universal Credit ilituma ujumbe kwamba madai yetu yanapitiwa upya, tupeleke taarifa za benki za miezi 4 za akaunti zote. Zote maana yake zote, pamoja na ile ya mtoto. Ndani yake kuna fungu limeingia kutoka serikali ya mtaa, kubwa kuliko mshahara wangu wa mwezi. Mtu asiyejua angeificha akidhani anajiokoa. Hilo ndilo kosa linalowaingiza watu kwenye tuhuma, wakati pesa yenyewe haina ubaya.

Kanuni za Universal Credit za 2013 zinayataja kwa majina mapato yasiyo ya kazi yanayopunguza malipo: pensheni, matunzo kutoka kwa mwenza mliyeachana, baadhi ya posho nyingine, na mengineyo. Kisichomo kwenye orodha hakihesabiwi. Malipo ya kaunsili kwa elimu maalum ya mtoto hayamo. Upande wa akiba ndio unaohitaji uangalifu zaidi, maana huko wanatazama salio. Chini ya paundi 6,000 hakuna linalobadilika. Kati ya 6,000 na 16,000, kila paundi 250 au sehemu yake inakukata 4.35 kwa mwezi. Ukipita 16,000 huna dai. Nilipeleka mkataba wa kaunsili, ukurasa wa F, na barua fupi inayosema: akaunti hii ni ya malipo ya elimu ya mtoto, pesa si yangu kutumia nitakavyo, na inayobaki inarudi. Ofisa alipiga simu, akauliza maswali mawili ya maana, akafunga jambo. Tangu hapo kila muhula pesa ikiingia naandika ujumbe kwenye akaunti yangu ya Universal Credit, kabla hawajauliza. Pia niliiomba kaunsili ilete kwa muhula badala ya mwaka mzima kwa mkupuo, salio lisirundikane.

Lililonisumbua zaidi kwa kweli ni kazi, wala si pesa. Mzazi mlezi mkuu wa mtoto wa miaka 3 hadi 12 anatarajiwa, tangu Oktoba 2023, kufanya kazi au kutafuta kazi hadi saa 30 kwa wiki. Mtoto akifika 13, saa 35. Kusomesha nyumbani peke yake hakukuondoi kwenye sharti hilo. Mshauri wa Jobcentre, ofisi ya ajira ya serikali, anaweza kulegeza akiona inafaa, lakini ni hiari yake, na mwenzako wa jirani anaweza kupangiwa mtu mwenye roho nyingine. Nimewaona akina mama wameandika ile barua ya kumtoa mtoto, wakapoteza msaada wa shule, kisha wakaambiwa wakatafute kazi ya kutwa. Mtoto abaki na nani?

Kinachobadilisha hesabu ni DLA, posho ya ulemavu ya watoto walio chini ya miaka 16. Haiangalii kipato chenu. Mtoto akipata sehemu ya matunzo kwa kiwango cha kati au cha juu, na wewe unamtunza saa 35 au zaidi kwa wiki, Universal Credit haikuwekei masharti ya kutafuta kazi, na inakuongezea fungu la mlezi: paundi 201.68 kwa mwezi katika mwaka wa fedha 2025/26. Posho nyingine ya walezi, Carer's Allowance, ilikuwa paundi 83.30 kwa wiki mwaka huohuo, lakini ukiipokea inakatwa yote kutoka Universal Credit, na inakuwekea kikomo cha mshahara. Fungu la mlezi ndani ya Universal Credit halina kikomo hicho. Ndiyo maana mimi naweza kufanya shifti zangu za wikiendi kwenye nyumba ya wazee bila kulipoteza, ingawa mshahara wenyewe unapunguza malipo kwa kanuni ya kawaida. DLA ya mtoto pia inaitoa familia kwenye ule ukomo wa jumla wa posho.

Fomu yake ni nene, na inataka useme mabaya ya mtoto wako ukurasa baada ya ukurasa. Mama mkwe wangu aliposikia nimeandika kwamba mjukuu wake anahitaji kusimamiwa akioga, alisema kwa simu kutoka Tanga, "Mwanangu, mambo ya ndani hayaandikwi kwa wageni." Namheshimu, na ninajua aibu anayoisema. Lakini ukiandika kwamba mtoto hajambo alhamdulillah, watakuamini.

Kuna wenzetu ambao nusu ya haya hayawahusu. Waliokuja na viza ya kazi ya matunzo kabla ya Machi 2024, wakati bado iliruhusu kuja na mume, mke na watoto, wana sharti la kutogusa fedha za umma. Universal Credit, Child Benefit (posho ya kulea watoto) na DLA zimo kwenye katazo hilo. Shule na EHCP hazimo. Nimekutana na baba wa Kikenya aliyekaa miaka bila kuombea binti yake tathmini kwa kuogopa viza. Tathmini ya elimu maalum si posho. Omba. Ila kabla ya kujaza fomu yoyote yenye neno pesa, mwone mshauri wa uhamiaji anayetambulika kisheria, si binamu wa mtu.

Mitihani inatukabili sasa. Mwanangu ana miaka 14 na anataka sayansi. Wanaosomea nje ya shule hufanya mitihani kama watahiniwa binafsi, na wengi huchagua International GCSE, aina ya mitihani ya sekondari, kwa sababu haina kazi za kusahihishwa na shule mwaka mzima. Aliyemtoa mtoto kwa hiari hulipa somo kwa somo, tena kwa kituo kitakachokubali kumpokea. Sisi tumeomba ada hizo ziandikwe kwenye sehemu F kwenye mapitio ya mwaka huu. Kaunsili inasema itafikiria, nami nimeomba jibu kwa maandishi. Kwa wazazi wa njia ya kwanza kuna mlango mmoja usiojulikana sana: baadhi ya vyuo hupokea vijana wa miaka 14 hadi 16 wanaosomea nyumbani kwa masomo ya muda, na serikali hukilipa chuo chenyewe. Piga simu chuoni, uliza mtu wa udahili, si mtu wa mapokezi.

Na baada ya 16 kuna Child Benefit. Inaweza kuendelea kwa kijana anayesomea nyumbani, lakini masomo lazima yazidi wastani wa saa 12 kwa wiki. Barua ya kuuliza kama bado anasoma huja kabla ya wakati huo, na asiyeijibu hukatwa, kisha sehemu ya mtoto ya Universal Credit nayo ikaanza kuulizwa. DLA nayo inabadilika kuwa PIP, posho ya ulemavu ya watu wazima: fomu mpya, maswali mapya, na safari hii watamwuliza yeye mwenyewe kama anataka kuisimamia pesa yake. Nimemwuliza. Alifikiri, akasema mama aendelee na faili la buluu, lakini yeye ndiye awe anapiga hesabu ya mwisho wa mwezi.